Bwawa la Kidunda: Tupime Kabla ya Kuota Boti



Sisi wa Magogoni na Kariakoo tunategemea maji ya mto Ruvu. Mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, la lita bilioni 190, ulitiwa saini Novemba 2022. Tayari wapo wanaoota boti na hoteli huko.

Tupime kwanza. Bwawa litafunguliwa kiangazi, Ruvu inapopungua. Maji yakishuka, ukingo hubaki tope. Mto una viboko na mamba. Penye maji machache huzaliana konokono wa kichocho, na watakaoogelea, mtake msitake, ni watoto wa kijijini. Tena ni maji ya kunywa!

Tunapendekeza mahali pa kupumzikia juu ya ukingo, penye vivuli na vyoo, na vibanda vya samaki viwe mali ya wanakijiji waliopisha mradi.