Ramani iko, tribinali iko wapi?



Ripoti Mapping ya ONU ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010. Wengi tunaitaja, wachache tumeifungua. Leo tuifungue pamoja.

Wachunguzi walisikiliza mashahidi zaidi ya 1.280. Waliandika matukio 617 ya uhalifu mukubwa, toka Machi 1993 mpaka Juni 2003, na kila moja waliliweka mahali pake na tarehe yake. Kasika, Agosti 1998. Makobola, mwisho wa mwaka ule ule. Kisangani, siku sita za Juni 2000. Na hapa kwetu, makambi ya wakimbizi ya Kibumba na Mugunga, 1996.

Mwaka ule wa 1996 AFDL iliingia Goma ikisema imekuja kutukomboa. Tarehe 17 Mei 1997 ikachukua Kinshasa. ONU ikaomba kuchunguza mauaji ya wakimbizi Wahutu, serikali mupya ikaifungia njia. Mwaka 1998 wachunguzi wakaondolewa, kazi haijaisha.

Angalieni chenye kilifuata katika muji huu: RCD 1998, M23 2012, M23 tena 2025. Kila bunduki inaingia na jina la ukombozi. Juu ya nini iogope? Wale wa kwanza hawakuhukumiwa.

Wandugu, ripoti haichagui wafu. Inataja jeshi la Zaïre, AFDL, majeshi ya Rwanda na ya Uganda, Mai-Mai na wengine. Tukililia Kasika tukanyamaza juu ya Mugunga, tunachana kurasa zenye hazitupendezi, sawa na wale wakubwa. Mutoto wa mukimbizi ni mutoto.

Ripoti ilipendekeza mahakama yenye majaji Wakongomani pamoja na wa kigeni. Mpaka leo haiko.

Basi tunaombana mambo matatu. Kila mutu asome kurasa za teritware yake. Tuulize wazee wetu, lakini tusiweke jina wala picha ya shahidi kwenye simu: kuna watu wanakufa juu ya hiyo. Na kiongozi yeyote mwenye kutaka makofi yetu, wa Kinshasa ao wa hapa, atuambie kwanza: tribinali ni lini?

Kila mufu ahesabiwe. Kila muuaji ajibu.