Hesabu Mbili za Mwaka Mmoja

Wengi kati yenu mlioko ughaibuni hutuma fedha nyumbani si kwa karo na matibabu tu, bali pia kwa kununua hisa na hati fungani. Aliyeko London au Muscat hawezi kuingia ghalani akahesabu magunia. Anategemea karatasi: hesabu za kampuni, na sahihi ya mkaguzi.

Basi tukumbuke yaliyotokea Nairobi mwaka 2016. Chase Bank ya Kenya, isiyokuwa na uhusiano wowote na benki ya Marekani yenye jina kama hilo, ilitangaza hesabu zake za mwaka 2015. Baada ya siku chache ikatoa hesabu nyingine za mwaka ule ule. Safari hii mikopo waliyopewa watu wa ndani ya benki yenyewe ilionekana kuwa mikubwa kwa mabilioni ya shilingi kuliko ilivyosemwa awali. Mwenyekiti na mtendaji mkuu wakajiuzulu, wateja wakakimbilia fedha zao, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu ya Kenya ikaiweka benki hiyo chini ya meneja mrasimu. Waliokuwa wamenunua hati fungani zake mwaka mmoja tu kabla wakabaki wameduwaa.

Wapo waliodai kwamba lililoiangusha benki ni kusema kweli hadharani, na kwamba ingenyamaza ingepona. Kwa maoni yangu, wanakosea. Mwekezaji huvumilia hasara, kwani biashara ni kupata na kukosa. Asichoweza kuvumilia ni kutojua aamini karatasi ipi. Tena wateja wa Nairobi walikuwa wameshaumwa na nyoka: miezi sita tu kabla, Oktoba 2015, Imperial Bank ilifungwa muda mfupi baada ya kuuza hati fungani za shilingi bilioni 2 kwa idhini ya wasimamizi wa soko la mitaji.

Isidhaniwe kuwa haya ni maradhi ya Afrika. Hapa Uingereza, baada ya kashfa za Polly Peck na Maxwell, kamati ya Sir Adrian Cadbury ilitoa mwaka 1992 kanuni za uendeshaji wa makampuni ambazo nchi nyingi ziliziiga. Hata hivyo mwaka 2020 kampuni ya hospitali ya NMC Health, yenye makao yake Abu Dhabi na hisa zake zikiuzwa London, iligundulika kuwa na madeni yaliyofichwa ya zaidi ya dola bilioni 4. Wakaguzi walikuwapo, kanuni zilikuwapo.

Na wenye akiba Chase Bank? Mwaka 2018 benki ya SBM kutoka Mauritius ilichukua asilimia 75 ya amana zilizozuiliwa, nyingine zikilipwa kidogo kidogo kwa miaka. Asilimia 25 zilibaki kwenye benki iliyokufa, ambayo Benki Kuu iliamuru ifilisiwe mwaka 2021.