Diski Kubwa Si Lazima Iwe na Kasi



Chama kinapotaka seva ya kutunza hesabu za tumbaku, muuzaji hututajia kwanza ukubwa wa diski. Fedha ni za wanachama. Yatupasa kuuliza zaidi.

Katika karne ya 19, ghala kubwa la pembe hapa Unyanyembe halikuifikisha mali Bagamoyo. Lililoamua ni idadi ya wapagazi, uzito wa mizigo na siku za njiani. Ndivyo ilivyo diski: ukubwa wake ni ghala, maombi inayotimiza kwa sekunde ni wapagazi, muda wa kungoja kila ombi ni siku za njiani.

Diski izungukayo mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani hungoja nusu ya mzunguko, na kichwa chake huhitaji milisekunde 8 hivi kufika mahali panapotakiwa. Jumla ni takriban 12. Kwa hiyo hutimiza maombi 80 hivi kwa sekunde, iwe ya terabaiti 1 au 8. Muuzaji akitaja megabaiti 150 kwa sekunde, hiyo ni kasi ya kusoma faili ndefu mfululizo. Maombi 80 ya kilobaiti 8 hayafikishi hata megabaiti 1.

Mashine moja ikibeba seva pepe kadhaa, za mizani, mikopo na malipo, maombi yao huchanganyika na kutawanyika, nayo foleni hurefuka.

Tuchukue mfano. Siku ya malipo yahitajika maombi 600 kwa sekunde: 360 ya kusoma, 240 ya kuandika. Diski zikipangwa pacha kwa usalama, kila andiko huandikwa mara 2. Basi 360 na 480 ni 840. Gawanya kwa 80, zahitajika diski 11, na kwa kuwa ni pacha, 12. Diski zisizozunguka hutimiza maelfu ya maombi. Jozi moja yaweza kutosha.

Ndugu zangu, pimeni maombi wakati wa masoko, si siku tulivu. Tenganisheni kusoma na kuandika. Andikeni katika mkataba idadi ya maombi na muda wa kungoja, mkavijaribu kabla ya kulipa. Mkulima aliyekwisha kupima tumbaku yake asicheleweshewe haki yake na foleni ya diski.