KURUDI DARASANI SI AIBU



Ndugu zangu vijana wa Lwakhakha, na nyinyi wazazi wetu. Mwezi huu tunaoufunga ndio mwezi ambao Mtume wetu (s.a.w.) aliamrishwa kusoma, naye ni mtu mzima wa miaka 40. Basi leo nazungumza na wewe uliyeacha masomo kwa ajili ya mpira au mbio.

Vijana hawa tunawajua. Alipata nafasi ya chuo, klabu ikamwita, akasema nicheze kwanza, kitabu kitaningoja. Sasa goti linauma, klabu imesajili mwengine, naye yuko hapa mpakani na bodaboda. Kazi ya halali haina aibu. Lakini ukimuuliza mbona hurudi kumaliza, atakwambia, "Nitakaaje darasa moja na watoto?"

Ndugu yangu, mtazame Shaquille O'Neal wa Marekani. Aliacha Chuo Kikuu cha Louisiana State mwaka 1992 akaenda kucheza kikapu cha kulipwa. Mamilioni akayapata. Lakini alikuwa amemwahidi mamake kwamba atamaliza, na mwaka 2000, tayari bingwa wa NBA, akachukua digrii yake. Mwaka 2012 akapata udaktari. Huyu hakusukumwa na njaa, alisukumwa na ahadi.

Na hapa kwetu yuko Mike Boit, aliyeshinda shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972. Kenya ikasusia Olimpiki za 1976 na 1980, miaka yake ya mbio ikapita hivyo, kwa uamuzi usiokuwa wake. Lakini huku anakimbia alikuwa anasoma, mpaka akapata udaktari kule Marekani, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Olimpiki zilisusiwa, elimu yake hakuna aliyeweza kuisusia.

Basi ufanye nini? Chukua barua yako ya kuingia chuo na matokeo uliyonayo, nenda kwa msajili, uliza kama masomo yako bado yanahesabiwa. Vyuo huweka kikomo cha miaka, kwa hiyo usingoje. Wewe ambaye hata sekondari hukumaliza, KCSE waweza kuifanya ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Na chuo si lazima kiwe Nairobi: Kibabii, hapo Bungoma, ilipata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2015. Nawe unayeitwa na klabu leo, usiondoke kimya kimya. Andika barua ya kuahirisha masomo, utunze nakala.

Wazazi, na nyinyi wake zao, msiwaambie umri umepita. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004, ana miaka 84. Huyu wako ana 30 tu! Mpunguzieni kazi jioni, apate saa mbili za kitabu.

Wabillahi tawfiq.