Tukienda Kumwona Aliyeumia Akiwa Amelewa

(Mazungumzo ya muuguzi mstaafu katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Nimeambiwa niseme kwa ufupi kwa maana habari ya tangi la maji bado inangoja.

Nataka tuulizane jambo moja tu. Mwenzetu akilazwa kwa kuumia akiwa amelewa, sisi tukienda kumwona tunamwambia nini?

Nimefanya kazi miaka mingi katika wadi ya majeruhi na nimeona wageni wa kila namna. Kijana ameanguka na pikipiki akitoka kilabuni, mguu umefungwa plasta. Kikundi kinakuja na uji, machungwa na bahasha ya mchango. Mmoja anasema, "Si tulikuambia!" Wa pili anahubiri mpaka wakati wa kuona wagonjwa unaisha. Wa tatu anacheka, "Pole bwana, ukitoka tutakunywa moja ya kupona." Halafu wote wanaenda nyumbani. Na sisi wauguzi hatukuwa bora. Tulisafisha kidonda, tukatoa dawa, na ile harufu ya pombe tukainusa bila kuuliza neno. Kijana mmoja wa namna hiyo alipona mguu, akaturudia baada ya miezi minane na taya lililovunjika. Kikundi chake kikachanga tena. Jambo hilo lilinisumbua sana, kwa sababu tulikuwa naye wiki tatu nzima kitandani, akiwa na akili timamu, na hakuna aliyezungumza naye.

Kumbe wako watu waliojaribu. Mwaka 1999 daktari Larry Gentilello na wenzake wa hospitali ya Harborview, mjini Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya kazi yao. Walichukua majeruhi 762 waliokuwa na shida ya pombe. Karibu nusu walizungumziwa mara moja, kama nusu saa, na baadaye wakatumiwa barua. Wengine walitibiwa tu kama kawaida. Mwaka mmoja baadaye, kati ya wale waliopatikana tena, waliozungumziwa walikuwa wamepunguza vinywaji kama 22 kwa wiki, na wale wengine kama 7 tu. Faida ilionekana zaidi kwa wale ambao pombe ilikuwa haijawashika kabisa.

Msiseme ni mambo ya Wazungu. Yako maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ya kumtambua mtu ambaye pombe inaanza kumdhuru. Yalitengenezwa kwa kazi iliyofanywa katika nchi sita, na Kenya ni mojawapo. Na hapa kwa jirani, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, wauguzi wamekuwa wakizungumza na majeruhi kwa mpango unaoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, kisha wagonjwa wanakumbushwa kwa ujumbe wa simu.

Sasa mazungumzo yenyewe yakoje? Kwanza mwulizeni muuguzi kama hospitali ina mshauri. Kama hayupo, aende mtu mmoja ambaye mgonjwa anamheshimu, si watu kumi. Aombe ruhusa: "Ndugu yangu, naomba tuongee kidogo juu ya pombe, unakubali?" Akikataa, mwache, ulizia watoto na ng'ombe, urudi siku nyingine. Akikubali, mwulize anapenda nini katika pombe. Ndiyo, anapenda nini! Atakuambia ni marafiki, ni kusahau deni. Kisha mwulize ni nini asichokipenda. Hapo nyamaza. Mara nyingi ni yeye mwenyewe atakayeutaja ule mguu.

Halafu kuna swali ambalo mimi nilidhani ni mchezo mpaka nilipolitumia. "Kutoka 1 hadi 10, uko tayari kiasi gani kupunguza?" Tuseme anajibu 3. Sisi tungemgombeza, "Mbona 3 tu?" Usifanye hivyo. Mwulize, "Kwa nini 3, si 1?" Sasa itambidi atoe sababu zake mwenyewe za kupunguza: mke amechoka, pikipiki ni ya mkopo, mtoto aliniona nikibebwa. Mtu hushika neno lililotoka kinywani mwake kuliko lile la kwako. Maliza kwa kuuliza yeye ataanza na nini. Akisema hatakunywa siku ya kazi, basi ni hilo, usimwongezee lako. Lakini kuhusu pikipiki mwambie wazi: ukiwa umekunywa hata kidogo, acha ufunguo.

Na maneno hayo yabaki pale kitandani. Yasisomwe kwenye minitsi za kikundi, tafadhali!

Kuna hatari moja ambayo sharti niitaje. Aliyezoea kunywa sana kila siku, akilazwa anaacha ghafla. Siku ya kwanza hadi ya tatu au ya nne anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata kifafa. Nimeona watu wa nyumbani wakitaka kumtoa mgonjwa wadini ati amerogwa. Huyo anahitaji daktari haraka, anaweza kufa. Kwa hivyo siku ile ile ya kulazwa mwambieni muuguzi ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Msifiche kwa aibu. Na mtu wa namna hii asiambiwe aache kwa siku moja akiwa nyumbani. Apelekwe hospitali, kwa maana nusu saa haimtoshi.

Akitoka, kazi inabaki kwenu. Yule aliyezungumza naye ampitie baada ya wiki moja, na tena siku ya kwanza atakayolipwa. Ule mchango wa bili ukibaki na salio, msimpe mkononi. Lipeni ada ya shule au kipande cha mkopo, lakini mwulizeni kwanza, maana ni mtu mzima.

Nimeona mama mweka hazina ameinua mkono tangu niliposema habari ya salio. Karibu, mama, uliza.