Ramani Moja, Mafundi Wengi

(Hotuba fupi kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Najua leo ni siku ya soko.

Wengi wenu mnajenga: darasa, tangi la maji, zahanati. Pesa ni za harambee, na kila shilingi ina jasho la mtu. Sasa nawauliza: ile ramani ya jengo, ni nani anayo?

Mimi niliwahi kuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Tulikuwa na ramani mbili. Mwashi alikuwa na ile ya kwanza. Kwenye ya pili mlango ulikuwa umehamishwa, lakini yeye hakuambiwa. Basi tukabomoa ukuta mpya, na wale wale akina mama waliobeba mawe wakitazama. Kosa halikuwa la fundi. Lilikuwa langu, maana ramani mpya ilikuwa mfukoni mwangu.

Msidhani ni sisi tu. Ujerumani na Uswisi zilijenga daraja juu ya mto Rhine, mahali panapoitwa Laufenburg, kila nchi kutoka upande wake. Ujerumani hupima kimo kuanzia Bahari ya Kaskazini, Uswisi kuanzia Mediterania, na tofauti ni sentimita 27. Wahandisi waliijua. Lakini katika hesabu, badala ya kuiondoa, wakaiongeza mara mbili! Mwaka 2003 ikaonekana pande zimepishana kwa sentimita 54, ikabidi kazi irekebishwe.

Siku hizi wajenzi wakubwa hutengeneza mfano wa jengo lote ndani ya kompyuta. Mhandisi, fundi wa umeme na fundi wa bomba huweka kazi zao pamoja. Bomba likigonga nguzo, linaonekana kabla saruji haijamwagwa. Na kwa kuwa kila mmoja ana programu yake, wana namna moja ya kuandika faili, iitwayo IFC, ambayo programu nyingi huisoma. Tena tangu 2018 ziko kanuni za kimataifa, ISO 19650, za kutunza habari hizo.

Sisi pengine hatuna kompyuta hizo, lakini kanuni tunaweza kuazima. Wao hugawa habari sehemu nne. Basi nunueni faili nne:

1. Kazi inayoendelea. Mchoro haujaisha, asijenge mtu kwa huo.
2. Ya kuonyesha wenzako. Mafundi wote waitazame na waseme.
3. Iliyokubaliwa. Kamati imetia sahihi na tarehe. Hii peke yake ndiyo ya kujengea.
4. Ya zamani. Msiitupe. Siku ya ubishi itawatetea.

Mkibadilisha kitu, rudisheni ramani ya zamani kutoka kwa kila fundi kabla ya kutoa mpya. Ukituma picha ya ramani kwa simu, hakikisha tarehe inaonekana. Na vimo vyote vipimwe kutoka alama moja.

Tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, lakini hata vidole viwili lazima vikutane mahali pamoja. Mkirudi nyumbani leo, kabla ya kununua mfuko mwingine wa saruji, ulizeni: fundi wetu ameshika ramani gani?