Udevu Mmoja, Punje Moja

Leo tuzungumze juu ya ua. Najua wengine mtasema, bwana shamba huyu ameishiwa maneno, sisi tunataka magunia naye anatuletea maua. Ngojeni kidogo. Gunia lenyewe hutoka kwenye ua.

Msimu mmoja mama wa kijiji jirani na mji wa Sumbawanga alinijia na mahindi matatu kikapuni. Akamenya moja mbele yangu: punje tano hapa, pengo, punje mbili kule. "Bwana shamba," akasema, "mbolea yenu ndiyo iliyonifanyia hivi. Mwakani siitaki." Nikafuatana naye shambani. Mabua yalikuwa manene, majani ya kijani kabisa. Mbolea ilikuwa imefanya kazi yake. Lakini upande unakotokea upepo, vilele vya mahindi vilikuwa vimekatwa. Vijana wake walikuwa wamewakatia maksai.

Ili tuone kosa liko wapi, tuanze na ua la boga, maana ni kubwa na sote tunalijua. Kwa nje, chini, kuna vijani vidogo vya kijani viitwavyo sepali. Hivyo ndivyo vililinda ua lilipokuwa tumba. Kisha kuna petali, zile za manjano, ambazo kazi yake ni kuwaita nyuki. Katikati ya ua dume kuna stameni, yenye unga uitwao chavua. Katikati ya ua jike kuna stigma, inayonata ili ipokee unga huo, na chini yake ovari, yaani mfuko wa mbegu. Ovari ya boga ndicho kile kiboga kidogo unachokiona chini ya ua jike. Nyuki asipoleta chavua, kiboga hicho hugeuka manjano kikaanguka. Kwa hiyo, mama, ukichuma maua kwa mboga, chuma ya dume, tena usiyamalize.

Maharage ni tofauti. Dume na jike wamo ndani ya ua moja, na kwa kawaida hujitosheleza lenyewe.

Sasa mahindi. Dume ni mbelewele, huko juu. Jike ni hindi changa, na zile ndevu zake ndizo za kupokea chavua. Hapa hakuna petali za rangi, kwa sababu mchukuzi wake ni upepo, na upepo hauitwi kwa rangi. Kila udevu umeshikana na punje moja. Udevu uliokosa chavua, punje yake haipo. Basi yule mama hakuwa na ugonjwa wala mbolea mbaya. Alikosa madume.

Tufanye nini? Kwanza, usikate vilele mpaka ndevu zikauke na kuwa za kahawia. Pili, panda mapema, mvua zinapoanza mwezi wa Novemba. Huku Ufipa tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi huchelewesha mahindi. Ukipanda mwisho wa Desemba, ndevu zaweza kutoka mvua zikiwa zinakatika, nazo zikakauka kabla ya kupokea chavua. Tatu, kama una alizeti au maboga yaliyochanua, usipige dawa ya wadudu mchana nyuki wakiwa kazini. Ikibidi, piga jioni wakisharudi mzingani.

Ukitaka kujua kama hindi limepokea chavua, siku chache baada ya ndevu kutoka chuma moja, limenye taratibu bila kuzivuta ndevu, kisha litikise. Ndevu zinazoanguka zimekwisha kufanya kazi yake. Zinazong'ang'ania bado.

Yule mama aliendelea na mbolea ile ile, na maksai wakakatiwa nyasi za bondeni. Msimu uliofuata hakuniletea kikapu cha mapengo. Kwetu mabwana shamba, hiyo ni habari njema.

Ndugu wakulima, kazi njema.